GIMP 3.0 kwenye bango la filamu ya kutisha: giza inaliweza, herufi zinatesa

Mpwa wangu ana miaka 9 na si mtoto wa kuogopa ovyo. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini, akainamisha kichwa upande kama anayesoma maandishi yaliyopinda. Kisha akauliza: "Mjomba, huyu mama anaumwa jino?"

Huyo mama ndiye aliyetakiwa kumtoa mtu jasho. Nilikuwa nimekesha naye siku sita: nimemvuta mdomo mpaka karibu na kidevu, nimemjaza weusi machoni, nimempasua ngozi kwa picha ya ukuta uliobanduka rangi. Mimi mwenyewe niliacha kumwona tangu siku ya pili. Kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi: msemo huu huwa tunautoa kwa majivuno, lakini ukiwa kwenye kazi ya bango la kutisha ni balaa tupu, maana hujui tena kama kinamtisha mwingine.

Basi haya ni maoni yangu juu ya GIMP 3.0, programu ya bure ya kuhariri picha, baada ya kuitumia kwa kazi moja kuanzia picha ghafi mpaka karatasi iliyochapwa. Kazi zangu za kila siku ni kadi za mialiko na vibao vya biashara, vitu vya mwanga mwingi na watu wenye tabasamu. Rafiki yangu mwongozaji ndiye aliyeniletea hii. Ana filamu fupi ya dakika 19, mwigizaji mmoja, mlango mmoja unaojifunga kwa ndani. Akanipa picha nne zilizopigwa kwa simu na maelekezo ya sentensi moja: "Fundi, nataka mtu akiliona ageuke kuangalia nyuma yake." Malipo yalikuwa shukrani. Jina la filamu silitaji kwa sababu bado haijatoka, ila lina herufi tano, na hizo herufi tano zitarudi huko chini kunidai haki yao.

GIMP si mtoto wa jana. Ilianza 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatoka hadharani 1996. Mwaka huohuo Larry Ewing aliitumia kumchora Tux, yule pengwini mnene wa Linux ambaye karibu kila mtu amewahi kumwona hata kama hajui anaitwaje. Toleo la 2.10 lilitoka Aprili 2018, la 3.0 likaja Machi 2025. Hapo katikati ni karibu miaka 7, na mimi katika miaka hiyo nilikuwa mtu wa kuifungua, kuchoka, kuifunga. Kilichonirudisha ni jambo moja la toleo hili jipya: filta, yaani athari unayoiongeza kwenye picha, sasa inakaa juu ya leya, tabaka mojawapo kati ya yale yanayopangwa kuunda picha, bila kuila. Ukiweka ukungu, kivuli au mkunjo wa toni (ule mstari unaoupinda kubadilisha mwangaza na giza la picha), pembeni ya leya kinatokea kialama kidogo. Ukikibonyeza unaikuta filta yako imekaa kama ulivyoiacha, unaweza kuibadilisha, kuizima, kuifuta. Zamani ukishakubali filta, imekubalika. Ulikuwa unanakili leya kabla ya kila hatua kama mtu anayeweka akiba ya njaa, na mwisho wa siku una leya 60 na huijui ipi ni ipi.

Kwa kadi ya mwaliko hilo ni jambo la raha tu. Kwa bango la kutisha ni uhai wa kazi, kwa sababu kazi yenyewe ni kupunguza. Unaweka, unatazama, unaondoa nusu, unatazama tena. Programu isiyokuruhusu kuondoa nusu inakulazimisha kuongeza.

Nianze na ukubwa, nilimalize haraka. Mwongozaji alitaka karatasi ya A2, yaani milimita 420 kwa 594. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 4961 kwa 7016. Picha bora kati ya zile nne ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000. Nikashuka mpaka nukta 200 kwa inchi, pikseli 3307 kwa 4677, na picha ikahitaji kukuzwa kidogo tu. Bango la ukutani halisomwi kwa kubandika pua. Halafu nikaacha nafasi pembeni, kwa sababu bango la sinema la kawaida la Marekani ni inchi 27 kwa 40, umbo jembamba kuliko A2, na nilijua siku moja ataniambia anapeleka filamu kwenye tamasha. Kumkata mwigizaji kutoka kwenye mandhari hakukunipa shida. Kile kifaa cha kuchagua kilicho mbele, unachokiwekea mpaka wa juujuu kisha unakipakapaka, kilimaliza mabega na mkono. Nywele nilizifanya kwa brashi, mmojammoja, kwenye kinyago cha leya, kifaa cha kuficha sehemu ya picha nitakachokieleza huko chini. Hakuna njia ya mkato kwenye nywele, anayekwambia ipo anakuuzia kitu.

Sasa giza.

Anayeanza hudhani giza ni kupaka nyeusi. Ukipaka nyeusi juu ya picha unapata picha iliyopakwa nyeusi. Giza linalotisha ni lile ambalo bado kuna kitu ndani yake, na GIMP inalijenga vizuri kwa njia ya zamani kabisa: leya iliyowekwa katika hali ya kuzidisha. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Kila pikseli ichukulie kama namba kati ya 0 na 1, nyeusi ni 0, nyeupe ni 1. Leya ya juu inazidishwa na ya chini. Nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo penye kijivu cha kati panazama; nyeupe mara chochote ni chochote kile, kwa hiyo nyeupe ya juu inatoweka kabisa. Nilichukua picha ya ukuta wenye nyufa, nikaiweka juu ya uso wake katika hali hiyo, na nyufa zikaingia kwenye mashavu bila kuficha mashavu. Vivuli vyake vilibaki vyake. Kisha nikatengeneza leya nyingine ya rangi moja tu, buluu yenye kijani kidogo, hali ileile, nikaishusha nguvu hadi asilimia 35. Chumba kikapoa. Ngozi ikawa ya mtu aliyekaa sana mahali pasipo jua.

Hapa nikakutana na tatizo ambalo kwenye kadi za mialiko sijawahi kuliona. Nyuma yake kulikuwa na ukuta unaofifia kuelekea gizani, na ule mfifio ukaanza kuonyesha ngazi, mistari mipana kama pete za mti. Sababu ni rahisi ukiifikiria. Picha ya kawaida ya biti 8 ina hatua 256 za mwangaza kwa kila rangi. Picha ya mchana inazitumia zote. Bango langu lilikuwa linaishi kwenye hatua 40 za chini, na hatua 40 zikitandazwa kwenye ukuta mzima lazima uzione. GIMP inakuruhusu kuhamisha picha nzima kwenda biti 16, hatua 65,536, na ninamshauri yeyote mwenye kazi ya giza ahamie huko kabla ya kugusa chochote. Mimi nilihama nikiwa nusu ya safari, na ngazi zilizokwisha kujengeka hazikubomoka zenyewe. Ilibidi nirudie mfifio upya. Tena skrini nyingi bado ni za biti 8, kwa hiyo hata faili likiwa safi unaweza kuona mistari. Dawa ni chengachenga. Filta ya kelele ya rangi, kidogo sana, juu ya kila kitu, ikiwa ya mwisho kabisa. Zile chenga zinavunja mistari, na zina faida ya pili ambayo ndiyo niliyoipenda zaidi: uso ulitoka simu moja, mlango ulitoka simu nyingine, ukuta ulitoka mahali pengine kabisa, kila kimoja na chenga zake. Ukivifunika vyote kwa chenga za aina moja, jicho linaamini vilikuwa chumba kimoja.

Kinyago cha leya ndicho kifaa nilichokitumia kuliko vyote, na jina lake limenichekesha mwezi mzima. Kwa asiyekijua: unaifunika leya kwa karatasi isiyoonekana, ukiipaka nyeupe leya inaonekana, ukiipaka nyeusi inajificha, kijivu inakuwa nusunusu. Hakuna kinachofutwa. Nilipaka vinyago kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 10, nikipita mara nyingi, kama mtu anayepangusa vumbi. Upande wa kushoto wa uso niliupeleka gizani hivyo, polepole, mpaka ukabaki ukingo wa taya na sikio. Siku iliyofuata sikio likaniudhi, nikalificha. Keshokutwa nikalirudisha nusu. GIMP haikulalamika hata mara moja, na leya yenye filta, kinyago na kundi la leya vikiwa pamoja ilifanya kazi kama nilivyotegemea. Kitu kimoja tu cha kuzoea: ukisahau kubonyeza kinyago kwanza, brashi inapaka kwenye picha yenyewe. Nilimpaka dada wa watu doa jeusi kwenye paji la uso nikaendelea kufanya kazi nusu saa bila kuliona. Lilionekana kama sehemu ya mapambo.

Macho nayo yana hadithi yake. Jambo la kwanza kila mtu hufanya ni kuyajaza weusi, na mimi nilifanya. Yakawa matundu ya kinyago cha plastiki. Kisha nikayafanya meupe kote. Yakawa ya mgonjwa. Nilichokigundua nikiwa nimekuza picha hadi asilimia 400 ni kwamba kinacholifanya jicho liwe hai ni ile nukta ndogo nyeupe kwenye mboni, taa au dirisha linalojirudia pale. Kwenye picha hii ilikuwa tochi. Nukta mbili, kila moja kama pikseli 11. Nikachukua kifaa cha kuponya, ndilo jina lake kweli, kile kinachotumika kuondoa chunusi za maharusi, nikachota sehemu ya mboni isiyo na nukta, nikagusa mara mbili. Basi. Macho yakabaki na rangi yake, na umbo lake, na unyevu wake, lakini mwenyewe akawa ameondoka. Ukitazama bango hujui kwa nini hutaki kumtazama. Nimewaponya wateja wangu wengi kwa kifaa hicho. Huyu ndiye wa kwanza kumuua.

Ungedhani baada ya hapo ningeacha. Sikuacha, na ndipo mdomo ulipoingia.

GIMP ina kifaa cha kuvutavuta umbo: unaweka brashi kubwa, unaburuta, nyama inafuata. Kinafanya kazi vizuri mno. Niliuvuta mdomo wa chini kidogo, ukapendeza, nikauvuta zaidi. Pembeni nikauinua. Nikaongeza meno kutoka picha nyingine. Saa nane za usiku kila senti ya mvuto inaonekana ni hatua ya mbele. Na hiki kifaa hakiko katika ule utaratibu mpya wa filta zisizokula leya: ukishavuta, umevuta. Unaweza kutendua ukiwa bado umefungua faili, lakini historia ya kutendua haihifadhiwi, ukifunga faili imekwenda. Kilichoniokoa ni ile tabia ya zamani ya kuweka akiba ya njaa, kwamba leya ya uso niliinakili kabla. Kwa hiyo asubuhi ile mpwa wangu alipouliza habari ya jino, nilikuwa na pa kurudi.

Niliizima leya ya mdomo mbele yake. Nikazima nyufa. Nikazima damu, ndiyo, kulikuwa na damu, sikuitaja kwa aibu. Kila nilipozima namwuliza, "Na sasa?" Akawa anasema bado, bado, huyo ni dada tu amepaka make-up. Nikabaki na uso wa kawaida uliokufa macho, nusu yake gizani, mdomo umefungwa. Hakusema kitu. Akasogea upande mwingine wa kiti, akauliza huyo mtu anamwangalia nani.

Mabango yaliyodumu yanalijua hili. Lile la The Exorcist la 1973, kazi ya Bill Gold, lina mtu amesimama na begi chini ya taa ya barabarani, nyumba, na dirisha linalomwaga mwanga. Hakuna pepo, hakuna mtoto, hakuna tone la damu. Mwanga ndio unaotoka mahali pabaya. Kwenye picha zangu mwanga ulikuwa umeshatoka mahali pabaya tangu mwanzo, kwa sababu mwongozaji aliishika tochi chini ya kidevu cha mwigizaji. Tumezoea nyuso zenye mwanga wa juu, wa jua na wa taa, vivuli chini ya nyusi na chini ya pua. Ukiugeuza, vivuli vinapanda juu, na uso uleule unakuwa wa mgeni. Hiyo haikuhitaji programu yoyote. Siku sita zangu nilikuwa nikiifunika kazi nzuri iliyofanywa na tochi.

Lakini hapa ndipo ninapoipa GIMP 3.0 alama zake nyingi. Kurudi nyuma huko, kuanzia leya 43 hadi 17, kulinichukua asubuhi moja. Sikufuta chochote, nilizima, nikatazama, nikapunguza nguvu ya filta hapa na pale. Mkunjo wa toni niliouweka siku ya kwanza ulikuwa bado uko wazi kuguswa. Kwenye matoleo ya nyuma ningeanza upya au, kwa uvivu, ningeliacha jino.

Sasa zile herufi tano.

Upande wa maandishi 3.0 imepiga hatua. Unaweza kuipa herufi mstari wa nje na bado ukabadilisha neno baadaye, na kivuli ulichokiweka kama filta kinafuata maneno mapya. Nafasi kati ya herufi na herufi unairekebisha papo hapo kwenye picha. Kwa majina ya waigizaji na mstari mdogo wa chini inatosha kabisa. Jina la filamu ya kutisha, hata hivyo, halikai likiwa safi. Linataka kuliwa kingo, kukwaruzwa, herufi moja kushuka kidogo kama imechoka kushikilia. Na hapo mipaka inaanza. Ukiipaka brashi leya ya maandishi moja kwa moja, siku utakayorudi kubadilisha neno programu inakuonya kwamba ukihariri maandishi, ulichokipaka kitapotea. Inakuonya kwa adabu, lakini ukweli ni huohuo: ama neno, ama mikwaruzo. Njia sahihi ni kuikwaruza kwa kinyago, ambacho kinaiacha leya ibaki maandishi. Mimi mtu wa vinyago mwezi mzima, kwenye jina la filamu nikavisahau. Nilichukua kifutio nikakwaruza herufi zenyewe, zikatoka nzuri ajabu, nikaziunganisha na leya ya vumbi ili zisinisumbue, nikaendelea.

Kuhusu fonti neno moja tu: zile zenye matone ya damu ziacheni zilipo. Nilitumia fonti ya kawaida nyembamba, herufi kubwa, nikazitenganisha mno. Hofu iliingia kwenye zile nafasi.

Kuchapa ndiko kulikonivua nguo, na kosa lilikuwa langu. Nilifanya kazi usiku, taa nimezima, skrini nimeipandisha mwangaza mpaka mwisho. Kila kitu kilionekana: koti lake, kitasa cha mlango, vidole vinne kwenye ukingo wa mlango ambavyo ndivyo siri ya bango zima. Nikapeleka faili kiwandani. Fundi wa mashine akanipigia, sauti ya mtu anayejaribu kutomkosea mteja: "Mkuu, nimechapa moja ya majaribio. Sasa hapa pa kulia kuna kitu, au ni weusi tu?" Nilipofika nikakuta karatasi ya A2 yenye nusu uso na bahari ya lami. Vidole havipo. Nilipokwenda kupima, sehemu ile yote ilikuwa kati ya 4 na 18 katika kipimo cha 0 hadi 255. Skrini yenye moto inavionyesha hivyo; wino unavimeza.

GIMP haina hali ya kufanyia kazi moja kwa moja katika rangi nne za uchapaji, samawati, majenta, njano na nyeusi. Unafanya kazi katika rangi za mwanga, yaani nyekundu, kijani na buluu. Toleo la 3.0 limeleta nafuu: unapakia wasifu wa rangi wa mashine ya uchapaji, yaani faili linaloeleza mashine hiyo inavyotoa rangi, unawasha hakikisho, na skrini inakuonyesha kwa makadirio picha itakavyotoka, pia unaweza kutoa faili la JPEG au TIFF lililokwisha kugeuzwa kwenda rangi nne. Nikamwomba fundi wasifu wa mashine yake, nikauwasha, na bahari ya lami ikatokea palepale kwenye skrini yangu. Ningeuwasha siku ya kwanza. Nikavipandisha vidole mpaka kati ya 30 na 55, nikahisi nimeliharibu bango zima, limekuwa kijivu. Lilipochapwa likatoka kama nilivyokuwa naliona usiku ule.

Bado kuna jambo la weusi wenyewe. Wino mweusi peke yake, hata ukiwa asilimia 100, kwenye eneo kubwa unatoka kama kijivu kilichokoza. Wachapaji hukuongezea rangi nyingine chini yake ili weusi uwe na kina. Mfano wa kawaida ni samawati 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100. Kwa kuwa GIMP haikupi mkono wa moja kwa moja kwenye kila wino, hesabu hiyo inafanywa na wasifu wa rangi wakati wa kugeuza, si wewe. Kwangu ilitosha. Kwa mtu anayetaka kuamua mwenyewe wino upi uingie wapi, hii si programu yake, na asipoteze muda kuitafutia visingizio. Photoshop, programu nyingine ya kuhariri picha, inayo hali hiyo ya rangi nne, na leya za marekebisho (leya zinazobadilisha rangi na mwangaza wa zilizo chini yake) ambazo GIMP 3.0 haina, ila ni ya kulipia kila mwezi, na shukrani za mwongozaji hazilipi kitu cha kila mwezi.

Mengine madogomadogo. Faili langu la XCF, ndio mfumo wa GIMP wenyewe, lilifika zaidi ya gigabaiti moja nilipohamia biti 16, na kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ikawa inapumua kwa kelele. Kusevu kunatoa XCF tu. Ukitaka PNG au JPEG unatumia amri nyingine ya kutoa nje. Watu wanaulalamikia mpangilio huo tangu toleo la 2.8 la 2012, mimi ninaupenda, umenizuia mara nyingi kubamiza leya zangu kwa bahati mbaya. Mpangilio wa vifaa unaweza kuuhamisha utakavyo. Wiki ya kwanza utavitafuta, ya pili mkono utakuwa unajua njia.

Ningeitumia tena kwa bango jingine la kutisha? Ndiyo, kesho. Kwa kijitabu cha kurasa 20 chenye maandishi mengi, hapana. Mwanafunzi mwenye filamu yake fupi na kompyuta ya wastani aichukue bila kusita, aanze na biti 16, awashe wasifu wa uchapaji mapema, kila anachotaka kukifuta akifiche kwa kinyago, na atafute mtoto mmoja msema kweli.

Juzi mwongozaji alinipigia. Filamu imepata nafasi ya kuonyeshwa na waandaaji wanataka bango la kulala, pana, la kuweka juu ya ukurasa wao. "Si kazi kubwa, fundi, si ndiyo? Unalilaza tu." Nikafungua lile faili. Nikamsogeza mama kushoto, mlango ukaenda kulia, vinyago vyote vikafuata, filta zikakaa zenyewe, vidole nikavipandisha tena kidogo kwa ajili ya skrini za simu. Dakika 40 hivi, na katikati nilipokea simu mbili. Nikabaki na jina. Kwenye umbo pana lilitakiwa kuwa mara mbili ya ukubwa wake, nikalikuza, na ile mikwaruzo yangu mizuri ikageuka ukungu. Maandishi hayakuwepo tena mle ndani, ilikuwa picha ya maandishi tu, imeshikana na vumbi. Nikaandika upya zile herufi tano, nikaziwekea kinyago safari hii, nikaanza kukwaruza. Herufi ya tatu bado haijafanana na ya mwanzo.